Mzunguko wa Mlima Longonot: Uamuzi Hufanyiwa Ukingoni

Mlima Longonot ni mojawapo ya milima ya kaunti yetu ambayo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuukwea na kuuzunguka kwa nusu siku, bila kamba, bila hema na bila kulala nje. Uko katika kaunti ndogo ya Naivasha, na kwa barabara ni chini ya kilomita 100 kutoka jijini Nairobi na chini ya kilomita 100 kutoka jijini Nakuru. Ndiyo maana wikendi na sikukuu hufika hapo vikundi vya makanisa, vyama vya akiba, wanafunzi, wafanyakazi wenzao na familia nzima.

Urahisi huo wa kuufikia ndio unaowafanya wengine kuudharau. Kinachoweza kumkwamisha mtu Longonot si urefu wake, ni hesabu: maji kiasi gani, saa ngapi, kilomita ngapi zimebaki. Makala haya yanaeleza njia ilivyo, sababu za mlima huo kukosa maji, na mahali pa kufanyia uamuzi ulio mkubwa kuliko wote, ule wa kuendelea au kurudi.

Mlima wenye mdomo

Longonot ni volkano. Kileleni hauna ncha kama milima mingine, bali una kreta, yaani shimo kubwa la mviringo lililoachwa na milipuko ya kale. Kuta za shimo hilo ni za mwinuko mkali, na sakafu yake imefunikwa na msitu wa miti midogo. Ukisimama ukingoni asubuhi yenye baridi, unaweza kuona mvuke ukitoka mahali mahali kwenye kuta.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, linaloeleza mlima wenye migongo mingi iliyoinuka. Ukiutazama kutoka barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha utaona kwa nini uliitwa hivyo. Mbavu zake zimechanwa na makorongo kuanzia juu hadi chini, na kati ya korongo na korongo pamebaki mgongo.

Wataalamu wanakadiria kwamba mara ya mwisho Longonot kutapika lava ilikuwa miaka ya 1860. Hata hivyo mlima haujafa. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 ardhi ya mlima huo iliinuka kwa takriban sentimita 9 kisha ikatulia. Hilo si tangazo la hatari kwa anayepanga kuukwea wiki ijayo. Ni ukumbusho tu kwamba joto lile lile linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, upande wa magharibi, liko pia chini ya miguu ya anayetembea Longonot.

Serikali iliutenga mlima kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Mbuga ina ukubwa wa kilomita mraba 52 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Hesabu ya njia

Safari nzima ina vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, kilomita 3.1. Lango liko kwenye mwinuko wa mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia huanza taratibu kwenye nyasi na vichaka vya leleshwa, ile miti mifupi yenye majani ya kijivu yanayonukia ukiyafikicha, kisha huinuka zaidi kadiri unavyosogea juu.

Kipande cha pili ni mzunguko wenyewe kando ya ukingo wa kreta, kilomita 7.2. Hapa ndipo kilipo kilele, Kilele Ngamia, chenye mita 2,776. Njia haiendi sawa. Hupanda na kushuka kila mara kwa sababu ukingo una meno kama msumeno. Tofauti ya urefu kati ya lango na kilele ni kama mita 630, lakini ukijumlisha vilima vidogo vyote vya ukingoni, miguu hupanda zaidi ya hapo.

Kipande cha tatu ni kurudi kwa njia ile ile uliyopandia, kilomita 3.1 za kuteremka.

Jumla ni kilomita 13.4. Kwa mtembeaji wa kawaida ni saa nne hadi tano za kutembea, ukiongeza muda wa kupumzika, kula na kupiga picha.

Sasa tazama hesabu hiyo tena. Mtu akifika ukingoni huwa ameloa jasho na anahema, na mbele yake kreta imefunguka yote. Moyo humwambia kwamba kazi imekwisha. Lakini ametembea kilomita 3.1 kati ya 13.4, yaani chini ya robo ya safari. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 10.

Jambo la pili ni kwamba mzunguko hauna njia ya mkato. Upande mmoja kuna ukuta wa kreta, upande wa pili kuna makorongo yasiyo na njia. Ukishatembea kilomita 3.6 za ukingo uko katikati, na kurudi nyuma ni sawa na kuendelea mbele. Mtu akiishiwa maji au akiteguka mguu hapo, hakuna gari wala pikipiki itakayomfikia. Atatembea au atabebwa na watu kwa miguu.

Hii ndiyo sababu tunasema uamuzi hufanyiwa ukingoni, kabla ya kuanza mzunguko.

Maswali manne ya kujiuliza ukingoni

Ukifika ukingoni, kaa chini, pumua, kisha jiulize maswali haya manne. Kama mko kikundi, kila mtu ajibu kwa sauti, pamoja na yule mnyamavu aliye nyuma.

*Saa ngapi?* Anayeanza kutembea saa moja asubuhi anaweza kufika ukingoni saa mbili na nusu hivi, kumaliza mzunguko kabla ya adhuhuri na kuwa langoni mchana mapema. Ukifika ukingoni baada ya saa nne, mzunguko utaufanya katika jua kali la mchana, na msimu wa mvua utaufanya wakati mawingu yanakusanyika. Siku hiyo mzunguko uache.

*Maji yamebaki kiasi gani?* Mtu mzima abebe lita tatu. Ukifika ukingoni uwe na lita mbili au zaidi ambazo hazijaguswa. Kama umeshakunywa nusu ya ulichobeba, mwili unakwambia kwamba mzunguko ni mkubwa kuliko matayarisho yako. Usihesabu maji ya mwenzako, kwa maana naye atayahitaji.

*Mwili una hali gani?* Kuhema ni kawaida, hasa kwa mtu aliyetoka sehemu za chini, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kifua au kubanwa na misuli si kawaida. Goti au kifundo kinachouma wakati wa kupanda kitauma zaidi wakati wa kushuka.

*Mbingu ina nini?* Mawingu meusi au ngurumo zikisikika, shuka. Ukingo wa kreta ni mahali pa juu palipo wazi, na binadamu aliyesimama hapo ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Radi haina simile.

Jibu moja tu likiwa baya, rudini. Kurudi kutoka ukingoni si kushindwa. Kutoka langoni hadi ukingoni na kurudi ni kilomita 6.2, na mtu huwa ameshaiona kreta yote, Ziwa Naivasha na Bonde la Ufa. Kwa watoto wadogo, kwa wazee wetu, kwa mama mjamzito aliyeruhusiwa na daktari kutembea, na kwa yeyote anayejaribu kwa mara ya kwanza, hiyo peke yake ni safari kamili.

Kikundi kikigawanyika, wengine wakirudi na wengine wakiendelea, asirudi mtu peke yake. Na wanaoendelea watembee kwa mwendo wa aliye wa polepole zaidi, si kwa mwendo wa aliye mbele.

Kwa nini mlima hauna maji

Wageni huuliza: mlima mkubwa hivi, wenye msitu ndani, unawezaje kukosa hata chemchemi?

Jibu liko kwenye udongo. Longonot umejengwa kwa jivu la volkano na mawe mepesi yenye matundu. Udongo wa namna hii hauhifadhi maji juu. Mvua ya kawaida huzama haraka ikapotea chini. Mvua kubwa, ambayo udongo hauwezi kuimeza kwa wakati, hukimbia juu ya ardhi na kubeba jivu pamoja nayo, ikichimba mitaro inayozidi kuwa mirefu mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana hakuna kijito cha kuchota maji, lakini kuna makorongo kila upande.

Udongo huu wakazi wa eneo la Mai Mahiu na Suswa wanaujua vizuri. Mwaka 2018 mvua kubwa zilifungua ufa mpana uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, mahali ambapo maji yalikuwa yamekula jivu chini kwa chini. Katika korongo la Hell's Gate, mbuga iliyo jirani na Longonot, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea humo Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Na hakuna anayehitaji kukumbushwa Mai Mahiu ya Aprili 2024. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, maji hukosekana kwa miezi kisha huja yote kwa saa moja.

Kwa mtembeaji, udongo huo una maana tatu.

Kwanza, kila tone utakalokunywa utoke nalo chini. Hakuna mahali pa kujaza chupa baada ya lango.

Pili, msimu wa kiangazi njia huwa na vumbi jepesi linaloteleza kama unga. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na kitambaa cha kufunika pua. Viatu viwe vyenye soli yenye meno. Malapa na viatu vya ofisini viache nyumbani. Kushuka ndiko kunakotaka uangalifu zaidi, kwa sababu miguu imechoka na vumbi linasukuma. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Tatu, msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, na wa mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, usitembee ndani ya korongo wakati mvua inanyesha au imetoka kunyesha juu ya mlima. Mahali penye njia iliyozama kama mtaro, panda kando mpaka maji yapite.

Kuna jambo la nne, nalo linahusu mlima wenyewe. Sehemu kadhaa za njia zimemomonyoka vibaya, na mchango mkubwa ni wa miguu yetu. Mtu anapokata kona ili kufupisha njia, hukanyaga nyasi zilizoshikilia jivu. Nyasi hufa, jivu hulegea, mvua inayofuata hufuata alama ya viatu vyake, na baada ya misimu michache hapo pana mtaro mpya. Kubaki kwenye njia iliyowekwa ni namna rahisi kuliko zote ya kuulinda mlima huu.

Utakachokiona ukiwa juu

Anayezunguka ukingo mzima huiona nchi pande zote nne.

Kaskazini magharibi kuna Ziwa Naivasha. Maji yake hutoka hasa mito ya Malewa na Gilgil. Ziwa halina mto unaotoka nje, na kwa kawaida maziwa ya namna hiyo katika Bonde la Ufa huwa ya magadi, lakini Naivasha ni ya maji baridi. Maelezo ya wanasayansi ni kwamba sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kubeba chumvi. Ukiwa ukingoni, ukiyaona mashamba ya maua yaliyolizunguka, unaelewa ni watu wangapi wanaolitegemea ziwa hilo.

Magharibi utaona moshi mweupe wa Olkaria. Si moshi, ni mvuke wa visima vya jotoardhi. Mtambo wa kwanza hapo ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981.

Kusini kuna Mlima Suswa, volkano nyingine, na karibu zaidi kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970. Mashariki ukuta wa Bonde la Ufa umesimama, na nyuma yake milima ya Aberdare, ambako mto Malewa huanzia.

Ndani ya kreta utaona vichwa vya miti tu. Usijaribu kushuka humo. Kuta ni za mwinuko mkali, udongo unaporomoka, na aliyeshuka kwa dakika chache anaweza kushindwa kabisa kupanda tena.

Wanyama, moto na takataka

Mbuga ina pundamilia, twiga, swala, kongoni, nyati na chui. Wengi utawaona kwenye tambarare karibu na lango, na hawana haja na wewe ukiwaachia nafasi. Anayestahili heshima ya pekee ni nyati, hasa dume aliye peke yake kwenye vichaka. Tembeeni mkizungumza kwa sauti ya kawaida ili asishtuke. Mkimwona, simameni, rudini nyuma polepole, msimrushie mawe wala kumkaribia kwa ajili ya picha.

Leleshwa na nyasi za Longonot hushika moto upesi wakati wa kiangazi. Machi 2009 moto ulipanda mbavu za mlima na kuingia hadi ndani ya kreta, ukawanasa wanyama humo. Kisiki kimoja cha sigara kinatosha. Usivute sigara njiani, usiwashe moto wa kuchoma nyama, na ukiona moshi mahali, usingoje mtu mwingine atoe taarifa.

Kuhusu takataka, sheria iko wazi. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, fuo na misitu ya Kenya. Hizo ni pamoja na chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Kwa hiyo lita zako tatu zitie kwenye chupa za kudumu. Maganda ya ndizi na machungwa nayo yarudi chini na wewe, kwa sababu mnyama aliyezoea chakula cha watu huacha kuwaogopa watu.

Nani anahusika na nini

Wakazi hutuuliza mara kwa mara kwa nini kaunti haitengenezi njia ya mlimani au kwa nini haipunguzi ada ya kuingia. Jibu liko kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti.

Mbuga ya kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa kupitia KWS. Njia, lango, walinzi, wanyama na ada vyote ni kazi ya KWS. Malalamiko au maombi kuhusu mambo hayo yapelekwe kwa afisa aliye langoni.

Kazi za kaunti zinaanzia nje ya lango: barabara za kaunti, huduma za afya na gari la wagonjwa, zimamoto na kukabiliana na majanga, uzoaji wa taka, leseni za biashara, masoko na utalii wa ndani. Barabara ya kaunti ikiharibika, taka zikirundikana kituoni au mfanyabiashara akihangaishwa kuhusu leseni, fika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.

Kwa wakazi wa karibu, mgeni anayekuja kutembea nusu siku ni soko. Anahitaji bodaboda kutoka barabarani hadi langoni, chai na mandazi alfajiri, chakula cha moto mchana, mahali pa kunawa, na mara nyingi mtu wa kumwongoza. Mgeni aliyemaliza mzunguko saa sita mchana akiwa na nguvu atakaa ale. Aliyeshuka saa kumi na moja jioni akiwa hoi huingia garini moja kwa moja. Hivyo hata mwenye kibanda ana sababu ya kumwambia mteja wake wa asubuhi: beba maji zaidi, na uanze mapema.

Kufika na kuingia

Kutoka Nairobi, njia ya karibu ni ya chini kupitia Mai Mahiu, ukifuata barabara ya Naivasha hadi kituo cha biashara cha Longonot. Kutoka Nakuru, pitia Naivasha kisha ushike barabara ya Mai Mahiu. Matatu za njia hiyo hupita kituoni, na bodaboda hukufikisha langoni.

Mbuga za KWS hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ada hulipwa kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu, hivyo ni vyema ulipe kabla ya kuondoka nyumbani. Angalia viwango vya siku hiyo hapo hapo eCitizen, maana hubadilika. Mwananchi abebe kitambulisho cha taifa ili atozwe ada ya mwananchi. Shule zinazopeleka wanafunzi ziwe na orodha ya majina, mwalimu mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa, na hesabu ya vichwa ifanywe langoni, ukingoni na mwisho wa mzunguko.

Vitu vya kubeba kwa kila mtu mzima:

- Maji lita tatu katika chupa za kudumu.
- Chakula chepesi chenye nguvu: ndizi, njugu, viazi vitamu, chapati, na kitu chenye chumvi kidogo.
- Kofia pana, mafuta ya kujikinga na jua na nguo ya mikono mirefu.
- Koti jepesi la upepo na mvua, kwani ukingoni kuna baridi asubuhi.
- Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli yenye meno, ambavyo umeshavizoea.
- Bendeji, dawa zako za kila siku na filimbi.
- Simu yenye chaji, iliyozimwa data ili betri idumu.

Kabla ya kuanza, mwambie mtu aliye nyumbani unakokwenda na saa unayotarajia kushuka. Jiandikishe langoni, na ukitoka hakikisha wanajua umetoka.

Mtu akizidiwa njiani

Kuzidiwa na joto huanza na uchovu wa ghafla, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza. Mketishe penye kivuli, mlegezee nguo, mpe maji kidogo kidogo, mpepee na umloweshe shingo na kwapa. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Mpoze kwa chochote mlicho nacho, usimnyweshe maji, na pigeni simu mara moja.

Aliyeteguka mguu asilazimishwe kuukanyaga. Mfungeni bendeji, mguu ukae juu, na msubiri msaada mkiwa naye.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe na asitembezwe ikiwezekana kumbeba. Vueni pete na viatu kwenye kiungo kilichoumwa kabla hakijavimba. Msikate jeraha, msinyonye sumu, msifunge kamba ya kukaza, na msipoteze muda kumwinda nyoka. Anahitaji hospitali.

Mkiomba msaada, semeni mambo matatu: mko sehemu gani ya njia na kwa makadirio mmetembea kilomita ngapi tangu mfike ukingoni, ni nini kimetokea, na mko watu wangapi. Kikundi kisiende chote kutafuta msaada. Wawili wabaki na mgonjwa, wawili washuke.

Namba za dharura ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199 bila malipo. Zihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani. Namba ya afisa wa lango la KWS iombe unapojiandikisha, kwa maana yeye ndiye aliye karibu nawe kuliko wote.